Ukungu wa aina mbili: barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Mufindi

Mpwa wangu,

Umeuliza kwa nini vyura wa Kihansi walipandishwa ndege hadi Marekani wakati Mufindi kwenu mito imejaa. Swali zuri, ila linasahau kwamba wale ni wakazi wa kisiwa.

Kisiwa chenyewe kilikuwa hekta 2 hivi za majani mabichi chini ya maporomoko ya Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa, Tanzania. Maji yalipogonga mwamba yaligeuka ukungu, mchana na usiku, masika na kiangazi. Ukitoka nje ya manyunyu hayo hatua chache tu, kwa chura huyu umeingia jangwani. Jike naye hatagi: hubeba mimba na kuzaa vyura kamili wa milimita 5 hivi, bila hatua ya kiluwiluwi majini. Yeye mwenyewe hafiki sentimita 3.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa imeshaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na ukungu ukakatika. Karibu vyura 500 wakapelekwa Marekani. Huko nako wengi walikufa mwanzoni kwa minyoo, maambukizi na lishe pungufu. Wakabaki chini ya 100. Bondeni yalifungwa mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka hadi maelfu, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ndani ya miezi michache. Safari hii mshukiwa mkuu alikuwa ukungu wa pili, yaani kuvu ya ngozi. Chura hunywa kwa ngozi na kwa sehemu hupumua kwayo. Kuvu ikiishambulia, chumvi za mwili huvurugika na moyo husimama. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa bondeni kuanzia 2012 ni uzao wa wale waliopanda ndege. (Waliocheka safari ile sijawasikia tena.)

Kwa hiyo wewe na wenzako mkitoka mto mmoja kwenda mwingine huko Udzungwa, sugueni tope lote kwenye nyayo za viatu hukohuko mtoni, kisha vianikeni juani mpaka vikauke hadi ndani. Kuvu hiyo husafiri na tope bichi, ila haivumilii ukavu. Kiatu kikavu kwa nje lakini chenye soksi mbichi hakijakauka. Na chura usimhamishe bonde, hata ukimwonea huruma.