Wambui, kwani umemwaga zote?

Sasa Wambui, habari za huko Nakuru na hiyo baridi yenu, watoto wazima? Mguu wa mama umepoa? Sisi tuko tu, Kisumu jua ni lile lile. Wacha niende kwa neno lenyewe juu tangu Jumanne uniandikie sijalala vizuri.

Ati umemwaga dawa chooni, ile venlafaksini yetu ya huzuni na wasiwasi! Zote! Eti Baba Shiro, mzee wako, amesema zinakujaza makemikali kwa kichwa.

Hebu skiza. Hiyo kemikali yenyewe ni noradrenalini, seli za ubongo zinaitumia kupeana ujumbe, na haiko ndani ya tembe, unaitengeneza mwenyewe, hata saa hii ukinisoma. Kijana wa Atieno, si unajua anasomea udaktari, alinichorea nyuma ya risiti ya unga: omena ama maharagwe yanakupa tairosini, kijipande cha protini, hiyo inageuzwa dopa, dopa inakuwa dopamini, dopamini inaingia kwa vifuko vidogo vya seli na humo ndo inakuwa noradrenalini, vitamini C ikisaidia. Na usianze kula omena sufuria nzima, nilishauliza nikachekwa. Kimeng'enya cha kwanza, kile cha kugeuza tairosini, ndicho kinaamua mwendo, na noradrenalini ikijaa inakipiga breki yenyewe.

Noradrenalini nyingi ya ubongo inatoka kwa kadoa ka buluu huko chini kwa shina la ubongo, urefu kama sentimita moja na nusu hivi, lakini nyuzi zake zinafika karibu kila mahali. Honi ya matatu ikulipukie hapo Kondele uruke, ni hako. Ukiwa kwa ndoto kananyamaza kabisa, na mimi nikakumbuka zile saa tisa za usiku ulikuwa unanipigia ukisema moyo unadunda.

Sasa hapa ndo Baba Shiro ananikasirisha. Chukulia noradrenalini ni watoto wa ploti, wametoka kucheza. Jioni mama anawaita ndani, wengine wanalala ili kesho watoke tena, na hiyo ndo njia kubwa ya kusafisha, seli inaivuta tu noradrenalini yake irudi. Julius Axelrod wa Marekani ndiye alionyesha hivyo, akapata Nobeli 1970. Inayobaki inavunjwa na vimeng'enya, mabaki yanatoka na mkojo. Venlafaksini yetu inasimama mlangoni tu. Haizai watoto wengine! Inafanya wakae nje kidogo zaidi, wa noradrenalini na wa serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, na kwa dozi ndogo ni serotonini zaidi.

Na ubongo ulishazoea huo mlango ulivyo, ukiutoa ghafla unachanganyikiwa. Mwaka jana niliishiwa na pesa nikaruka siku nne, Wambui, kichwa kilikuwa kama napigwa na stima nikigeuza macho, nikashika ukuta kwenda bafu. Sikukwambia, niliona aibu. Kama umechoka nazo sawa, si lazima, lakini daktari akupunguzie pole pole, na usimeze mbili mbili kufidia ulizomwaga.

Imepita siku ngapi sasa? Kizunguzungu kimeanza? Daktari wako anajua ama umemficha yeye pia? Nikutumie ya dawa, ama nije Jumamosi niongee na huyo mzee wako? Na ile sufuria yangu kubwa iko, ama nayo ulimwaga chooni?

Wako,
Akinyi