Mgonjwa wa mtoto wa jicho aulizwe kazi yake kabla ya kuchaguliwa lenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upasuaji wa mtoto wa jicho, ambapo lenzi ya jicho iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia, hasa zile lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, ambazo wagonjwa wa huku Nyanda za Juu Kusini wenye uwezo wanazifuata hata nje ya mkoa.

Tangu Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza ndani ya jicho la mgonjwa mjini London mwaka 1949, iliyozoeleka ni lenzi ya umbali mmoja: mtu huona mbali vizuri, kisha huvaa miwani ya kusomea. Lenzi ya umbali mbalimbali huugawa mwanga unaoingia jichoni, sehemu ikalenga mbali na sehemu karibu, na ndiyo maana wengi waliowekewa huachana na miwani. Hata hivyo, mwanga ukishagawanywa, kila sehemu hubaki na kiasi pungufu, hivyo vitu vyenye rangi zinazokaribiana huwa vigumu kutofautishwa gizagiza likiingia, na usiku taa huzungukwa na duara za mwanga. Tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili zinaonyesha kwamba uwezo wa kuona mbali hautofautiani sana. Tofauti iko kwenye kusoma bila miwani, na kwenye malalamiko ya mng'ao.

Mjomba wangu ni dereva wa lori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na aliwekewa lenzi za umbali mbalimbali katika hospitali moja. Kwenye ubao wa herufi alisoma hadi mstari wa mwisho, ikaandikwa kwamba anaona vizuri. Akishuka mlima Kitonga usiku, kila gari linalopanda humjia na taa zenye pete juu ya pete, na ukungu ukitanda hajui lami inaishia wapi na majani yanaanzia wapi. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani! Jirani yetu, mama fundi cherehani wa Mwanjelwa, ana lenzi za namna hiyo hiyo. Anatia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, na anamshukuru daktari wake kila siku.

Ubao wa herufi, basi, hautoshi kupima kuridhika kwa mgonjwa. Daktari aulize kuhusu safari za usiku, na aeleze wazi kwamba mwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyoharibiwa na kisukari, au presha ya macho iliyokomaa, kwa kawaida hafai kuwekewa lenzi hizi.

Anayerudi akilalamika naye asiambiwe tu kwamba atazoea, ingawa ni kweli wengi huzoea baada ya miezi kadhaa. Apimwe ukavu wa macho, namba ya miwani ambayo huenda bado anaihitaji, na utando unaoweza kuota nyuma ya lenzi. Utando huo huondolewa kwa leza, lakini kama kuna uwezekano wa kubadilisha lenzi, uamuzi huo utangulie, kwa sababu leza ikishatoboa mfuko unaoishikilia lenzi, kuibadilisha huwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwa hiyo kila mgonjwa apewe kadi yenye aina na namba ya lenzi yake, ili daktari yeyote atakayempokea, awe Mbeya au Iringa, ajue kilichomo ndani ya jicho lile.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya