Barafu ya samaki na mlima wako

Malindi, Agosti

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo, ila kusi bado inavuma na mashua zimelala, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukujibu. Umelalamika kwamba njia ya mlimani huko Uswisi imefungwa kwa kamba na Jumapili yako imeharibika. Hapo nakukatalia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga changu na barafu iliyopondwa? Ukiliacha sanduku ndani ya friza usiku kucha, asubuhi samaki na barafu vimekuwa kitu kimoja, humtoi hata mmoja bila nyundo. Liweke juani kidogo: barafu haijaisha bado, lakini samaki wameanza kuteleza. Basi milima ya juu huko Uswisi imeshikana vivyo hivyo. Maji yaliyoingia kwenye nyufa za mwamba yameganda, na ardhi yenyewe hubaki kwenye nyuzi 0 au chini yake mwaka hadi mwaka. Kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu. Ila miaka ya joto kali, tabaka hilo huzidi kushuka, maji yanapenya kwenye nyufa, na jiwe lililokuwa limegandishwa linabaki halina cha kulishika.

Tarehe 23 Agosti 2017, mwamba wa mita za ujazo kama milioni 3 ulimeguka kwenye mlima wa Piz Cengalo, juu ya kijiji cha Bondo. Watu 8 waliokuwa bondeni hawakuonekana tena. Nao walitoka kutembea tu, kama unavyotaka wewe. Kwa upande mwingine, kijiji cha Blatten, Mei 2025, watu kama 300 walihamishwa mapema, wengine wakinung'unika bila shaka. Tarehe 28 mawe na barafu vikafukia karibu kijiji kizima. Aliyefariki ni mmoja.

Nilimsomea mama barua yako. Akasema, "Kumbe hata Wazungu wana Nyari yao!" Nikamweleza kwamba Nyari, korongo letu la pale Marafa, ni mvua inayokata udongo polepole, na huko ni joto linalofungua mwamba. Hakunisikiliza, akarudi kwenye hadithi yake ya korongo hilo, ya matajiri waliooga maziwa.

Jumapili hii kaa jikoni, bwana. Pika wali wa nazi, hata kama ni nazi ya kopo. Kamba ikiondolewa, nenda, na uniletee kajiwe kadogo.

Wako,
Athumani