Mwiko wa bibi yako siutupi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku Ujiji wazima, alhamdulillahi.

Uliniambia kwenye simu nikihamia jiko jipya niutupe ule mwiko wa bibi yako, maana umekwisha. Nilinyamaza. Jibu langu ndilo hili.

Juzi nilimpeleka mwanao makumbusho, pale kwenye miembe. Watoto wote walikimbilia sanamu za Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871. Mwanao akaniuliza, "Bibi, hawa walipikiwa na nani?" Nilifurahi mno! Walipikiwa na Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley mwenyewe ameandika kwamba siku ile Halima alikuwa akichungulia kutoka jikoni, ahakikishe kweli barazani wamekaa Wazungu wawili, kwa kuwa Livingstone, yule wake, alikuwa mgonjwa, chakula hakipiti, naye akiumia akidhani mapishi yake hayathaminiwi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Halima alikuwamo kwenye msafara uliosindikiza maiti mpaka pwani.

Mwiko wake uko wapi? Ningeuona huo, mwanangu, ningesimama mbele yake kutwa nzima. Kule Uvinza wataalamu wamefukua vigae vya vyungu vya kuchemshia chumvi, vya zaidi ya miaka 1,000, wakavihifadhi. Vigae tu, vyeusi kwa moshi. Waliovifinyanga hatuwajui majina, lakini tunajua walichokuwa wakikifanya mchana kutwa.

Sasa huu wa kwetu. Bibi yako alikuwa mashoto, ndiyo maana umelika upande ambao miko yangu yote haijaguswa. Ugali wa muhogo unataka nguvu, na yeye aliusonga kwa huu tangu aolewe. Kwenye mpini pana kishimo kidogo, laini kama ndani ya kome: hapo ndipo kidole gumba chake kilipokaa. Chini kidogo ya hapo pameungua. Ni usiku ule uchungu wako uliponishika. Aliposikia nimepiga kelele aliuachia motoni akaja mbio, na wewe ukaangukia mikononi mwake.

Nimeuosha kwa maji matupu, nikaufunga kwenye kipande cha khanga yake, uko kabatini juu ya vikombe. Ukija Idi, uushike. Nawe ni mashoto. Kidole gumba chako kitapaona pa kukaa.

Mama yako,
Ujiji