Barua kwa mwanangu kabla hajaupanda Mlima Kitonga

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua tangu masika, na mama yako amenihimiza nitangulize salamu zake kabla ya maneno yangu. Ujumbe wako wa kuomba ruhusa nimeusoma mara tatu. Ungeweza kwenda na wenzako nisijue, maana Morogoro ni mbali. Umeniuliza, na hilo limenifurahisha kiasi kwamba neno moja la simu nimeona halitoshi.

Ruhusa unayo. Lakini njia mliyoichagua, kutoka Mikumi mpaka Iringa kwa baskeli, mimi naijua. Kabla hujazaliwa nilikuwa utingo wa lori miaka mitano, na njia yetu ilikuwa hiyohiyo, Dar es Salaam mpaka Tunduma na kurudi. Hukuwahi kunisikia nikiisimulia sana kwa sababu mama yako hapendi, na leo utajua kwa nini.

Nianze na Mikumi. Barabara kuu inakatisha ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Humo msipande baskeli, hata mkiwa ishirini. Tembo na nyati huvuka lami wakati wanaotaka wao, na simba wapo. Wekeni baskeli kwenye buti la basi, mshuke mji wa Mikumi, na safari yenu ianzie hapo. Hili sikuombi, nakuagiza.

Mjini Mikumi njia zinaachana. Inayonyooka inakwenda Iringa. Ya kushoto inateremka Kidatu, inapita Mang'ula, inafika Ifakara. Mwanangu, ningekuwa mimi mwenye miguu yako, safari ya kwanza ningeshika ya kushoto. Ni kilomita mia na kidogo, malori ya Zambia na Kongo hayapiti huko, na lami siku hizi imefika. Zamani ilikuwa tope tupu wakati wa mvua. Ukishavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu unaingia kwenye mashamba ya miwa, halafu milima ya Udzungwa inasimama mkono wako wa kulia, imefunikwa msitu kutoka chini mpaka juu, na bonde la Kilombero linakufungukia kushoto, tambarare mpaka macho yanachoka. Unapanda baskeli chini ya mlima bila ya kuupanda mlima. Reli ya TAZARA nayo inapita bonde hilohilo.

Laleni Mang'ula. Hapo ndipo lilipo lango la hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na mkipata siku moja ya kupumzisha miguu nendeni na muongozaji mkaone maporomoko ya Sanje, maji yanaanguka mita 170 hivi. Angalia juu ya miti pia. Kuna mbega wekundu ambao ni ndugu wa kima punju wetu. Unakumbuka tulivyokwenda msitu wa Ngezi ukamuona mmoja, ukakataa kuondoka mpaka ashuke? Hakushuka.

Na kuhusu huo mto wa Ruaha, utazame vizuri mkiwa darajani. Maji yake huzuiwa kwanza Mtera, yakateremka mabonde mpaka bwawa la Kidatu, na kila pahala yanazungusha mitambo. Kidatu peke yake ilijengewa megawati 204. Tangu ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, umeme wa bara unatufikia huku Pemba, na wa mto huo umo ndani yake. Taa ninayoandikia barua hii inakula maji ya Ruaha. Nilipokuwa utingo nikioga mto huo, Wete tulikuwa na jenereta na kandili.

Najua lakini kwamba mtakwenda Iringa. Umeandika jina la Kitonga mara nne. Basi sikiliza.

Kutoka Mikumi mnakwenda na vilima vya Iyovi, kona juu ya kona, halafu mnashuka kwenye bonde la Ruaha ambako mibuyu imejaa pande zote mbili za barabara. Joto la hapo si la Pemba. Letu lina upepo wa bahari, la huko linatoka juu na chini pamoja. Bebeni maji mara mbili ya mnayodhani yanatosha. Mkifika Ruaha Mbuyuni mtaona vitunguu vimepangwa barabarani kwenye nyavu nyekundu. Siku hiyo safari iishie hapo, hata kama jua bado liko juu na kijana mmoja katika nyie anasema ana nguvu. Kula wali, lala mapema, na alfajiri mkishasali muanze.

Maana Kitonga hupandwa asubuhi. Barabara inapita Mtandika na Mahenge, Mto Lukosi uko karibu nayo, halafu inakwea ukingo wa bonde kwa kilomita kadhaa bila ya kukupa pumzi. Wewe kupanda umejifunza barabara ya zamani ya Chake na Wete, unakwea kilima cha mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unakwea tena. Vilima vyetu vinakuumiza dakika tano vinakusamehe dakika mbili. Kitonga hakisamehi. Weka gia ndogo kabisa tangu mwanzo, usisubiri mpaka cheni ilie, na ukichoka shuka usukume. Niliwahi kuwaona watu wa kijijini wakisukuma baskeli zenye magunia pale, na walifika.

Kupanda sikuogopei. Naogopa malori. Lori lililopakia linapanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, moshi unakujia usoni, na nyuma yake kuna gari dogo lenye haraka linalotaka kupita kwenye kona. Wewe uko kati ya tairi na ukingo. Ukisikia honi ndefu nyuma yako, toka nje ya lami, simama, wapite wote. Usiogope wenzako wakikuacha.

Sasa lile ambalo mama yako hapendi. Siku moja tulikuwa tunarudi, tumepakia mahindi, tunashuka Kitonga kuelekea Mbuyuni. Dereva wangu alikuwa mtu mzima na alikuwa na sheria moja, gia utakayoupandia mlima ndiyo utakayoushukia. Siku ile alikuwa anaumwa, akampa usukani kijana, na kijana akashuka kwa breki. Nilianza kusikia harufu, kama mpira ulioungua ukichanganyika na chuma. Nikamwambia. Akakanyaga, na kanyagio likaenda mpaka chini. Mzee alimnyang'anya usukani akalisukumiza lori kwenye ukuta wa mlima, upande wa ndani, likajikwaruza mpaka likasimama. Nilivunjika mkono huu wa kushoto ambao wewe siku zote umedhani nilianguka mkarafuu. Nisamehe kwa hilo. Ulikuwa mdogo ulipouliza, na baadae ikawa vigumu kukusahihisha.

Harufu ile sijaisahau. Na nakwambia kwa sababu baskeli haina msaada wa gia kama lori. Ukishuka una breki tu. Ikiwa yako ni ile ya kubana rimu, ukiikamata moja kwa moja mlima mzima rimu itapata moto, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kasi. Bana, achia, bana, achia, ya mbele na ya nyuma pamoja. Kila baada ya kona chache simama, gusa rimu kwa kidole. Ikikuunguza, kaa chini uutazame mto mpaka ipoe. Mkirudi kutoka Iringa, heri baskeli zirudi kwa basi na nyie ndani yake.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika. Mtafika Ilula kwenye nyanya, na Iringa yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mwezi wa saba baridi yake inaingia kwenye mifupa, kwa hiyo beba sweta. Na mkifika Ipogolo, darajani pa Ruaha Ndogo, usidhani mmefika. Mji uko juu ya mlima, na kipande hicho cha mwisho kiliwatoa jasho hata mainjini yetu.

Mtandio wako uchomeke vizuri, na suruali ifunge mpira kwenye kifundo cha mguu. Mtandio ule uliokamatwa na cheni ulipokuwa darasa la sita bado ninao, na grisi yake.

Mjomba wako anavuka kwenda Unguja Jumatano, kisha Dar. Nimempa taa ya nyuma, nyekundu, kubwa, pamoja na tyubu mbili na sulusheni. Mama yako ameongeza halua ya Wete kilo nzima. Anasema mtu akiishiwa nguvu mlimani, halua inamrudisha haraka kuliko biskuti.

Ukifika Mbuyuni nipigie, hata ikiwa usiku. Na alfajiri kabla hamjaondoka nipigie tena, nitakuwa nimeshaamka.

Baba yako