Kwa nini tripu ya jioni Mida haipatikani kila siku

Wageni wengi wakitupigia simu kutaka kupanda kayaki Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko pale Watamu, pwani ya Kenya, swali la kwanza ni hilo hilo, Jumamosi jioni mko na kayaki za watu wanne? Na mara nyingi jibu letu linawashangaza, kayaki ziko lakini maji hayatakuwepo. Hapo wengine wanafikiri tunawaficha, ati labda kuna kundi kubwa limelipa zaidi, au hatutaki tu kufanya kazi wikendi. Si hivyo kabisa, na kwa vile swali hili linarudi kila wiki tumeona tulieleze vizuri mara moja ili ukipanga safari yako ya Watamu upange ukijua.

Kwanza ujue Mida si mto. Kwenye ramani inaonekana kama mto unaoingia baharini lakini hakuna mto wowote unaomwaga maji pale, maji baridi yanayofika ni yale yanayopenya chini ya ardhi tu. Ni mkono wa bahari, unaingia kwa mlango mwembamba upande wa Watamu halafu ndani unafunguka ukawa mpana na mikoko imeuzunguka pande zote. Kwa hivyo karibu kila tone unalopiga kafi ni la bahari, limeingia na litatoka, mara mbili kwa siku. Likitoka, pale ulipokuwa unaelea panabaki tope na nyasi za bahari na ndege wanatembea kwa miguu.

Sasa saa za kujaa na kupwa hazikai pahali pamoja. Kila siku zinasogea mbele kama dakika 50 hivi, leo maji yakijaa saa tisa kesho ni karibu saa kumi, na hivyo hivyo mpaka mzunguko uishe. Kwa pwani yetu siku za bamvua, yani za maji makubwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa saa kumi au saa kumi na kitu jioni, na hapo ndipo tripu ya jioni inakuwa tamu manake unaingia ndani ya mikoko maji yakiwa juu kabisa na unatoka nayo yakianza kupwa jua likiwa linazama upande wa bara. Lakini wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne saa tano asubuhi na ile saa kumi jioni unayoitaka wewe ndiyo saa ya kupwa. Tena hizo ni siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi mbali, kati ya kujaa na kupwa tofauti ni mita moja hivi wakati bamvua kubwa inapita mita 3. Mkondo mkubwa wa katikati bado utakuwa na maji na kayaki itaelea, ila vile vichochoro vya kuingia kati ya miti vimekauka, utabaki unaiangalia mikoko kwa mbali kama umepanda feri. Sisi hatuoni haki kuchukua pesa yako kwa hilo.

Kuna njia rahisi ya kujua bila kutuuliza, hesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu. Kuanzia mwezi mosi, yani tarehe moja ya mwezi huo, hadi mwezi nne, halafu tena kuanzia kumi na nne hadi kumi na nane, jioni iko sawa. Mwezi nane, tisa, kumi, na ishirini na mbili mpaka ishirini na nne hivi, njoo asubuhi. Ndiyo maana Idd ndogo kila mwaka tunajaa, inaangukia mwezi mosi na maji ya jioni ni mazuri, watoto wamevaa nguo mpya wanataka picha. Idd kubwa ni tarehe kumi, maji yanajaa kwenye saa sita mchana hivi, kwa hivyo usituandikie WhatsApp kuomba machweo siku hiyo, tutakwambia njoo saa tatu na nusu asubuhi uingie na maji yanayopanda. Pasaka pia inafuata mwezi mpevu kwa hivyo wikendi ile mara nyingi iko karibu na bamvua. Krismasi haina kanuni, ulizia.

Na usidhani tripu ya asubuhi ni ya kupewa waliokosa jioni. Mimi binafsi naipenda zaidi, upepo haujaamka na maji yakipanda unaona vitu ambavyo jioni giza linavimeza. Simamisha kafi karibu na mti wa mchu, ule wenye vijiti vya mizizi vimesimama kutoka kwenye tope kama penseli, halafu angalia shina. Kuna konokono wadogo wanapanda juu kabla maji hayajafika, wote wanatambaa polepole mpaka mahali fulani wanasimama, na maji yakija yanaishia chini yao kidogo tu. Maji yakipwa wanashuka tena kula kwenye tope. Hawana saa wala kalenda. Ukisogea kwenye mikoko yenyewe, ile yenye mizizi ya kujipinda kama magongo, utaona chaza wameganda kwenye mizizi mpaka mstari mmoja na juu yake hakuna hata mmoja, huo mstari unakuonyesha maji hukaa wapi. Usishike hapo kwa mkono mtupu lakini, chaza wanakata kama wembe.

Ndege ni habari nyingine na hapa tunawaomba mchague. Kayaki inataka maji yaingie, ndege wanataka yatoke manake chakula chao kiko kwenye tope. Kama umekuja kwa ajili ya ndege hasa, na kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili kuna wale wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, basi wakati mzuri ni maji yakiwa nusu na yanapanda, hapo yanawasukuma kidogo kidogo kuja karibu na wewe umekaa kimya kwenye mtumbwi. Kwa hiyo tripu tunatumia mtumbwi na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, si kayaki, kijana mmoja anasimama nyuma anasukuma taratibu na wewe mikono yako iko huru kwa darubini na kamera.

Wengine wanatuambia mbona fulani alikubali kunipeleka jioni hiyo hiyo mliyokataa. Ndiyo, wako watakaokupeleka. Tumeshavuta watu kutoka kwenye tope waliopelekwa maji yakiwa yanatoka, mama na watoto wamekaa kwenye kayaki imelala ubavu, jua limezama na mbu wameanza, na huwezi kuteremka ukatembea kirahisi kwa sababu tope linakumeza mpaka magoti. Kibaya zaidi ni upande wa mlangoni siku za bamvua, maji yote yale yanatoka kwa pahali pembamba kwa wakati mmoja na mtu ambaye hajazoea kafi hatashindana nayo, atapelekwa nje. Ndiyo sababu hatupeleki mgeni mlangoni maji yakipwa hata akibembeleza vipi.

Pia tunaulizwa mbona hatuendi Sabaki, ni mto kweli kweli na uko karibu tu baada ya Malindi. Sabaki ina viboko na ina mamba, kiboko akiwa chini ya maji yale ya udongo humuoni mpaka ameshakuinua. Kwa kayaki ya plastiki hapana. Ukitaka kuona mdomo wa Sabaki nenda kwa miguu na mtu wa pale anayejua njia, tembea kwenye mchanga, ni pazuri sana.

Upepo nao una maneno yake. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, mchana unavuma wa nguvu na ukiwa unarudi umechoka utaona kafi imekuwa nzito, kwa hivyo miezi hiyo hata bamvua ikikubali tunaweza kufupisha njia tukabaki ndani ya miti ambako kumetulia. Kaskazi ni rahisi zaidi lakini jua ni kali, vaa mikono mirefu na kofia yenye kamba. Viatu viwe vya raba vya kufunga, ndara ziache garini, tope likizichukua hazirudi. Laifu jaketi tunatoa sisi na kila mtu anavaa, anayejua kuogelea na asiyejua, hatubishani juu ya hilo.

Kitu kingine, Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa 1968, kwa hivyo kuna ada ya hifadhi ambayo si yetu, tunakutajia mapema isije ikaonekana tumeongeza bei ukifika. Na usivunje matawi wala kuokota kitu, hata kama ni ganda tu.

Ukibuku tutumie tarehe mbili au tatu unazoweza badala ya moja, idadi ya watu, umri wa watoto, na kama kuna asiyejua kuogelea. Tutaangalia jedwali la maji na kukurudishia saa, na kama tarehe ulizotaja hakuna hata moja iliyo sawa tutakwambia wazi, deposit hatuchukui mpaka saa ya maji imekubalika pande zote mbili.