Barua ya wazi kwa wifi yangu mwenye kiroba cha mabaki ya vitambaa

Wifi yangu,

Habari za huko, kaka na watoto hawajambo? Picha ya kiroba ulichochukua kwa fundi imefika, na naona umeshaanza kupanga mabaki ya kushonea mapambo ya nyumba: nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Acha kwanza. Rangi iache mwisho kabisa. Mapambo mengi ya viraka huharibika yanapofuliwa mara ya kwanza, na mara nyingi lawama anabebeshwa mshonaji wakati kosa lilifanyika kabla sindano haijatiwa uzi. Kitenge kimeunganishwa na satini, satini imeunganishwa na jinzi, na kila kimoja kina tabia yake kwenye maji na kwenye pasi.

Mwaga kiroba chote kwenye mkeka, ugawe mafungu manne. La kwanza ni pamba nyepesi: kanga, vitenge, popilini, mashati. La pili ni pamba nzito: jinzi, kaki, drili ya sare za shule. La tatu ni vya kuvutika, yaani fulana na ndugu zake. La nne ni polista, satini, shifoni na lesi. Usitegemee macho peke yake, maana siku hizi viko vitenge vya polista vinavyong'aa kuliko vya pamba. Chomoa nyuzi tano sita pembeni, zishike kwa kibano juu ya kisosi, usogeze kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanapeperuka. Polista huukimbia moto, hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu lisilosagika. Lisubiri lipoe, likikugusa la moto linang'ang'ania ngozi. Ukikuta majivu laini yenye punje ngumu ndani, hicho ni mchanganyiko. Kiweke na polista, kwa sababu kwenye pasi ya moto kitafuata tabia ya polista.

Halafu fua kabla ya kukata. Najua hutaki kusikia hivyo. Lakini pamba mpya hurudi, yaani hupungua, inapoingia majini mara ya kwanza, na si yote inarudi kwa kiasi kimoja. Ukishona kipande kipya ubavuni mwa kanga iliyofuliwa miaka miwili, foronya itatoka kwenye beseni imekunjamana kando ya mshono na hakuna pasi itakayoinyoosha. Vipande vidogo vitie ndani ya foronya kuukuu, funga mdomo, ndipo uloweke. Ukivifua hivihivi vitatoka nyuzi na kujifunga mafundo ambayo utayakata kwa mkasi. Kanga nyekundu, nyeusi na zambarau ziloweke peke yake pamoja na kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, mwaga maji urudie mpaka kitoke cheupe. Wapo watakaokwambia utie chumvi ili rangi ishike. Wasikilize kwa adabu, kisha endelea kusuuza. Chumvi ina kazi yake wakati nguo inatiwa rangi. Rangi iliyozidi juu ya nguo inatakiwa itoke. Kipande kinachoendelea kuchuja baada ya maji matano sita kitoe kwenye kazi ya foronya. Nitakwambia pa kukipeleka.

Sasa kukata. Mabaki ya fundi yametoka kwapani, shingoni na kwenye nyonga, kwa hiyo kingo zake ni za mviringo au za mshazari. Kitambaa ukikivuta kwa mshazari kinanyumbuka. Mraba uliokatwa kwa kufuata ukingo wa namna hiyo utakuwa mraba mezani tu, ukifika kwenye cherehani unageuka kitu kingine. Fuata nyuzi zenyewe. Chomoa uzi mmoja mpaka uone mstari ulioacha, na mstari huo ndio upande wako wa kwanza. Kisha weka kigezo cha inchi 5 kwa 5. Kigezo cha boksi huchakaa pembe haraka, kila ukichora kinapungua. Kata cha plastiki kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi au kopo la aiskrimu. Na mkasi upite ndani ya mstari wa kalamu. Ukikata nje yake, unene wa wino umeshauongeza mraba.

Kipande kilicholegea sana kitie kanji: kijiko kimoja cha mezani cha unga wa muhogo kwa nusu lita ya maji, koroga ukiwa bado wa baridi, chemsha mpaka uwe kama maji ya mchele mazito, chuja, chovya, kamua, piga pasi kikiwa na unyevu. Kazi ikiisha ifue uitoe kanji yote, la sivyo umewaandalia mende chakula.

Anza na foronya ya kochi, maana makosa yake ni ya bei ndogo. Kwa mto wa inchi 16 unahitaji miraba 16 ya pamba nyepesi, minne kwa minne. Kila mraba wa inchi 5 ukishaliwa nusu inchi kila upande unabaki 4, na kipande kizima kinakuwa inchi 17, pamoja na nusu inchi ya kuzungushia mwishoni. Hesabu ni nyepesi, lakini inataka mkono usiotangatanga. Ukizidisha moja ya nane ya inchi kila upande wa mshono, mishono mitatu ya ndani imekuibia robo tatu ya inchi, na safu hiyo haitakutana na jirani yake. Bandika utepe wa gundi kwenye bati la cherehani, nusu inchi kutoka kwenye sindano, na kitambaa kitembee kikigusa utepe huo. Sindano namba 14, mishono kumi hadi kumi na miwili kwa inchi.

Shona safu nne kwanza, usianze kuziunganisha. Kwenye safu ya kwanza na ya tatu laza mishono yote kulia, ya pili na ya nne ilaze kushoto. Unapoweka safu juu ya safu, mishono iliyolala pande tofauti inakabana yenyewe na pembe nne zinakutana pamoja. Ukiilaza yote upande mmoja unapata nundu, na sindano ikipanda nundu inaruka. Pasi ikandamize kisha uinyanyue. Ukiisukuma kama unayeosha sakafu, unaivuta safu inapinda. Pasi ya mkaa ipeperushe majivu nje kabla ya kuigusisha, na juu ya kazi weka kitambaa cheupe.

Hapa ndipo wengi wanaharakisha: wanaunganisha mbele na nyuma, wanageuza, wanapiga picha. Baada ya kufuliwa mara tatu nyuzi za ndani zimeisha na miraba inaachiana. Kama huna ovaloki, ile cherehani ya kufungia kingo, kata kipande cha shuka kuukuu inchi 17 kwa 17, kilaze chini ya viraka, piga mshono juu yake ukipita kando kidogo ya kila mshono wa viraka. Sasa nyuzi zimefungiwa, na foronya imepata uzito.

Nyuma usihangaike na zipu. Kata vipande viwili vya inchi 17 kwa 12, kila kimoja kipinde nusu inchi mara mbili kwenye ule upande mrefu utakaokuwa mdomo, vilaze vipandane. Vikishashonwa vitapishana inchi 5. Wanaokata inchi 11 ili kubana kitambaa wanabaki na inchi 3 za kupishana, na mto ukikaliwa unatoa ulimi. Pembe nne zipunguze kwa mkasi kabla ya kugeuza, ila usiukaribie mshono.

Ukitaka kujaza kwa sufi badala ya sponji, sufi itiwe kwenye mfuko wake wa ndani wa kitambaa kilichoshikana vizuri. Nyuzi zake ni laini mno, zinapenya kwenye mishono na kuingia puani. Na mfuko huo haufuliwi. Unaanikwa juani na kupigwapigwa. Usiuweke karibu na mshumaa au jiko, sufi inashika moto upesi sana.

Zulia la kusuka ndilo kila mtu analitaka na ndilo linalomshinda kila mtu katikati, kwa sababu hakuhesabu. Zulia la mviringo mrefu, inchi 24 kwa 36, lenye msuko wa upana wa robo tatu ya inchi, linataka karibu mita 25 za msuko. Msuko unakula urefu: mita moja ya utepe wa kitambaa inakupa takriban sentimita 70. Kwa tepe tatu za msuko ni zaidi ya mita 100 za utepe wa inchi 2, ambazo ukizirudisha kuwa kitambaa ni kama yadi 5 za kitenge. Kwa hiyo pima kiroba kabla ya kuwaahidi watu zulia.

Tepe ziunge kwa mshazari, pembe moja juu ya nyingine, ili kiungo kisiwe uvimbe. Na zile tatu za msuko zianze kwa urefu tofauti, moja mita 1, nyingine mita 1 na nusu, nyingine mita 2, viungo visije vikakutana mahali pamoja. Kingo zikunjie ndani kadiri unavyosuka. Usichanganye fulana na kitenge katika msuko mmoja: fulana inavutika, kitenge hakivutiki, na msuko unajipinda kama kamba mbichi.

Urefu wa kuanzia una kanuni: toa upana kwenye urefu. Hapa 36 toa 24, unabaki 12. Basi nyoosha msuko inchi 12, ukunje, uendelee kuzunguka, ukishonea kwa sindano nene na uzi wa nailoni unaopita kwenye matundu ya msuko ili usionekane. Shonea juu ya meza. Anayeshonea mapajani analifuata umbo la mapaja yake, na akililaza chini linakaa kama ungo. Kama limeshaanza kuinuka pembeni, umevuta sana kwenye kona. Fumua mzunguko huo, na kwenye kona msuko wa nje uachie nafasi, hapa na pale ukiruka tundu lake moja. Likifanya mawimbi, umeachia kupita kiasi, hasa kwenye sehemu zilizonyooka, ambako hakuna haja ya kuachia chochote. Kosa halijirekebishi mbele ya safari. Kila mzunguko unalikuza.

Kama sakafu yako ni ya saruji yenye rangi nyekundu, usiweke tepe nyeupe wala krimu chini. Zitachukua wekundu ule na hautoki. Kwenye vigae tatizo ni kuteleza, na hapo usifanye mzaha kwa sababu ya mama: weka chini mkeka mwembamba wa mpira wenye matundu.

Vipande vya kanga vyenye jina usivikate miraba. Jina liache zima, uzungushie angalau inchi 2, ulivute juu ya ubao mwembamba ulitie fremu. Kaza kwanza katikati ya kila upande, juu, chini, kushoto, kulia, halafu uelekee pembeni kidogokidogo. Ukianzia pembe, mstari wa maandishi unapinda na watu watasoma shingo upande. Nyuma gundisha vipande vya kizibo ili fremu isigusane na ukuta, maana kuta zenye unyevu huotesha ukungu kwenye pamba. Na usome jina kabla hujalitundika sebuleni, wifi. Kanga nyingine ziliandikwa kwa ajili ya jirani fulani, na mama mkwe wako anajua kusoma.

Pazia la viraka silipendekezi. Jua la dirishani halichujishi vitambaa vyote kwa kasi moja, na baada ya miezi michache unabaki na pazia la matabaka. Vifungio vya pazia sawa, utepe wa inchi 3 kwa 24 wenye bitana na vitanzi viwili.

Sasa lile fungu la nne, pamoja na vya kuchuja na vichwa vya nyuzi. Vyote viende kujazia stuli laini ya kukalia sebuleni. Ganda lake lishone kwa fungu la pili, jinzi na kaki: duara mbili za kipenyo cha inchi 19, na pembeni vipande sita vya upana wa inchi 10 na nusu na kimo cha inchi 13. Ukivishona vinakuwa mzunguko wa inchi 57, duara inataka 56 na nusu. Hiyo ziada iingize kwenye mshono wa sita. Gawa duara na pete hiyo ya vipande sita kwa robo, weka alama, zibane kwa pini, uchanje ukingo wa pete kila robo tatu ya inchi kwa kina cha robo inchi ndipo utakubali kuzunguka. Sindano namba 16, mshono mara mbili. Kitenge peke yake hakifai hapa, siku mtu mzito akijitupa juu yake mshono unapasuka.

Vya kujazia vikate vidogo kama kiganja, vikavu kabisa, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo utanuka na hutajua unatokea wapi. Shindilia pembeni kwanza, katikati mwishoni. Inameza kilo 8 hadi 10, na baada ya wiki kadhaa inashuka, ndiyo maana chini unaweka zipu ya inchi 12: kila ukipata mabaki mengine unaongeza.

Ukimaliza foronya ya kwanza nitumie picha, lakini igeuze. Mbele sina haja napo, nataka kuona mishono ya ndani.

Msalimie kaka, na umwambie mkasi wa vitambaa asikatie maboksi.

Wifi yako